MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
(Maneno kwa vijana wetu madereva wa bajaji, mkutano wa wanachama)

Vijana wetu mnaoendesha bajaji za kuitwa kwa simu huko mjini.

Wazee wameuza mahindi na ng'ombe ili mpate kazi hiyo. Sasa tunaulizana: mbona pesa inaingia lakini haikai?

Tupige hesabu pamoja. Tuseme siku moja zimeingia shilingi 50,000. Kampuni ikikata asilimia 25, ni 12,500. Mafuta 12,500. Hesabu ya mwenye chombo 15,000. Zimebaki 10,000, na humo hujala, wala hujaweka ya tairi na oili. Ndiyo maana jioni mfuko mwepesi!

Makato hayo si amri ya Mungu. Mwaka 2022 LATRA iliagiza yasizidi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma nchini, ikarudi Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi 25. Kenya nako waliweka kikomo cha asilimia 18 mwaka huohuo wa 2022. Basi jamani, kiwango hupangwa na watu, na watu husikiliza wenye umoja. Dereva mmoja akilalamika kijiweni ni kelele tu.

Wakati tunadai hayo, yaliyo mikononi mwetu ni haya:

1. Andika kila safari: nauli, makato, mafuta. Usingoje kesho, utasahau.

2. Pima njia ya kumfuata abiria. Kwenda mbali bila mtu kwa nauli ndogo ni kumwaga mafuta barabarani.

3. Usichukue chombo kwa mdomo. Mkataba uandikwe: hesabu ni kiasi gani, inaisha lini, chombo kikiharibika nani analipa, na kadi inabadilishwa jina lini. Hesabu ya 15,000 kwa siku 26 ni 390,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,680,000. Fedha hiyo usiitoe bila karatasi wala stakabadhi.

4. Tenga ya matengenezo kila jioni, kabla ya matumizi. Oili iliyocheleweshwa hula injini.

5. Wekeni akiba pamoja, mnunue tairi kwa jumla, na mwisho mnunue chombo chenu wenyewe. Hapo hesabu itabaki nyumbani.

Mkutano ujao kila kijana aje na daftari lake. Tutalisoma pamoja, bila kuoneana haya.