Kupanda Kilele cha Lenana

Katika Mlima Kenya, vilele vya Batian (futi 17,057) na Nelion havipandwi ila kwa kamba. Lenana, chenye futi 16,355 na jina la laibon wa Wamasai, hupandwa kwa miguu. Ndiyo maana wengi hukidharau.

Wapandaji huondoka kambini katika Bonde la Teleki saa tisa za usiku. Mteremko ni mkali, wa changarawe: mtu hupanda hatua moja, akarudi nusu. Hujitahidi kufika alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima.

Lakini adui mkubwa ni uchache wa hewa, kwani kileleni hubaki karibu nusu tu ya ile ya Mombasa. Aliyelala mlimani siku mbili tatu, akienda polepole, mwili wake huzoea. Mwenye haraka huumwa kichwa na kutapika, hata awe kijana hodari wa mbio. Akianza kutweta hali ameketi, au kupepesuka kama mlevi, asiambiwe avumilie mpaka kupambazuke. Na ashushwe usiku ule ule, wala asiachwe ashuke peke yake.