Kanuni ya Usalama Ikikukwamisha, Sema



Leo tuzungumzie jambo linalojulikana katika kila karakana na kila mjengo: kanuni ya usalama ikiwa kero, je, tuifuate?

Kuna kanuni zinazosumbua tu. Kifuniko cha grainda huzuia diski kufika kwenye pembe, kwa hivyo fundi hukifungua. Miwani ya kujikinga hushika ukungu, naye huivua. Kazi huenda haraka, mpaka siku diski itakapopasuka. Vipande vyake huruka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuikwepa. Husemwa ajali haina kinga, lakini hii inayo, nayo imewekwa kando juu ya meza. Kanuni kama hiyo ifuatwe. Diski isipofika, maliza kwa tupa. Miwani ikishika ukungu, mwombe mwajiri yenye matundu ya hewa.

Kuna pia kanuni zinazoweza kuumiza. Tuseme bango linaagiza, "Vaa glavu wakati wote." Agizo hilo linamfaa anayebeba mabati. Lakini kwa anayetoboa chuma kwa mashine, glavu ikinaswa na ncha inayozunguka huvutwa pamoja na mkono. Hapo fundi ana haki ya kulalamika. Akivua glavu kimyakimya, ataokoa mkono wake, lakini bango litabaki pale pale, na kibarua atakayeingia kesho atalitii.

Basi zima mashine, mweleze msimamizi, kanuni irekebishwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha penye hatari hiyo kabla hajairekebisha. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Pelekeni hoja zenu huko.

Najua hofu ya kibarua: nikisema, nitaambiwa kesho nisije. Sheria hiyo hiyo inakataza kumfuta mtu kazi kwa sababu tu amelalamikia usalama. Wasimamizi, nanyi mlisikie hilo. Anayewaambia kanuni haifai amewaonyesha hatari kabla damu haijamwagika. Msikilizeni, kisha badilisheni bango.