Bangi, Dawa na Ugonjwa wa Kifafa





Ibn al-Badri, mwandishi wa karne ya 15, asimulia habari za Zahir al-Din Muhammad wa Baghdad, mwana wa msimamizi wa baraza la Khalifa, aliyekuwa na kifafa. Mshairi Ali bin Makki alimpa hashishi, yaani bangi, naye akaitumia kwa kusitasita. Kifafa kikamwacha, lakini hakuweza tena kukaa bila ya hashishi hata kitambo kidogo. Alitoka katika maradhi, akaingia utumwani.

Je, yawezekana kupata nafuu ile pasipo ulevi ule? Mwaka 1963 Raphael Mechoulam na mwenziwe walibainisha umbile la kannabidioli, kitu kimoja kilichomo katika bangi kisicholevya. Mwaka 1964 ikatengwa THC, ambayo ndiyo ilevyayo.

Mwaka 2017 yalitangazwa majaribio juu ya watoto na vijana 120 wenye kifafa cha Dravet, ugonjwa wa nadra uanzao katika uchanga na kushinda dawa nyingi. Waliopewa kannabidioli juu ya dawa zao, kipimo cha kati cha mishtuko kwa mwezi kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, waliopewa dawa ya mfano tu, kutoka 14.9 hadi 14.1. Hata hivyo baadhi yao walisinzia, wengine wakaharisha, na ini la wengine likaonyesha dalili za kudhurika. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa hiyo.

Basi asidhani mtu kwamba bangi ya vichochoroni imekuwa dawa. Moshi hauna kipimo, na ulevi wake ni ule ule. Tena kifafa si cha namna moja. Utafiti wa Kiremba, kaskazini mwa Burundi, uliotangazwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa mabuu ya tegu ni chanzo kikubwa cha kifafa huko. Na mayai ya tegu humfikia hata asiyekula nguruwe, kwa maji na mboga zilizochafuliwa na kinyesi.

Kwa hiyo mzazi asimfiche mtoto wake, wala jirani asiogope mate yake, kwani kifafa hakiambukizi kwa mate. Apelekwe kwa mganga wa hospitali. Na akipewa fenobarbitali, dawa ya kale na ya bei nafuu, aimeze kila siku bila kukatiza. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza waja wajitibu, naye alikataza kila kilevi. Elimu ndiyo ipambanuayo baina ya mawili hayo.