MIKONO INAYOWASHA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi wa ujenzi na mabomba, Ifo)

Sisi wa reli tumefika Ifo kwa motokaa, maana reli haijafika Garissa. Tumeletwa na habari ya mikono yenu.

Tumesikia kwamba mafundi wanaoziba matangi wanatoka vipele vidoleni, ngozi inapasuka, kope zinavimba, na wasimamizi wanawaambia ni uchafu. Sivyo. Hata sisi twaijua gundi ya makopo mawili, resini na kigumisho chake, kwa kuwa hutumika kugandisha baadhi ya viungo vya reli. Ikisha kukauka kabisa haina neno kubwa. Ikiwa mbichi ndipo ina madhara. Chembe zake hupenya ngozi, na mwili huzihesabu kuwa adui. Mtu aweza kuishika miezi mingi bila kuona kitu, kisha siku moja mwili unakataa, na tangu hapo tone dogo latosha. Mwili hausahau. Ndiyo sababu mwenzako ni mzima na wewe umevimba. Wala ugonjwa huu hauambukizi, basi asitengwe mtu kwenye sahani.

Saruji nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa mbichi huunguza, tena ina kromiamu iletayo ugonjwa wa namna hii. Nchi za Ulaya zilikataza mwaka 2005 saruji yenye kromiamu hiyo kupita sehemu 2 katika milioni.

Iko desturi moja tunayoichukia: kunawa kwa thina au mafuta ya taa. Huondoa gundi, lakini huondoa pia mafuta ya ngozi, na mlango unabaki wazi. Naweni kwa sabuni na maji. Twajua maji hapa ni ya kisima kirefu na foleni. Basi maji ya kazi ni juu ya mwajiri, si ndoo ya mama watoto. Glavu nyembamba za hospitali hupitisha gundi hii upesi. Zatakiwa za naitrili, zibadilishwe mara kwa mara. Na kwa joto la hapa, ambapo glavu hujaa jasho, kazi hii ifanywe alfajiri.

Wengine mmeambiwa: ninyi ni watu wa posho, hamna haki ya glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 yahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, kwa muda au daima. Yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye wafanya kazi 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama. Posho inayolipwa kila mwezi kwa kazi ya kila siku, sisi twaiita mshahara, na chama kitasema hivyo mbele ya yeyote.

Aendaye kwa daktari achukue karatasi iliyobandikwa koponi. Katibu ataketi pale mlangoni kuandika majina, kazi ya kila mtu, na mwezi vipele vilipoanza.