Huruma Yenye Ujuzi



  

Ndugu yangu msomaji, mada niliyopewa ni huruma. Wengi wetu tukisikia neno hili tunafikiria sadaka na futari. Mimi nasomea uuguzi, kwa hivyo leo nitakupeleka wodini, penye kidonda.

Nianze na nyumbani kwetu. Babu yangu ana kisukari. Hapa Nyeri unajua baridi ya mlima inavyoingia mifupani usiku, na wazee huota moto kwenye jiko la makaa. Babu alisogeza mguu karibu mno na hakusikia lolote, kwani sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huua fahamu za miguu. Lengelenge likapasuka, likawa kidonda, na kidonda kikaanza kunuka.

Babu alifanya nini? Alinyamaza. Aliacha kwenda msikitini. Ramadhani ikaingia, tarawehe pia akaacha. Tulidhani ni uzee tu. Sisi vijana wa futari tulimpelekea sahani mpaka mlangoni, tukarudi zetu. Hakuna aliyeingia akaketi. Hata mimi sikuketi. Alipofikishwa hospitali kidole kimoja kilikuwa kimeoza, kikakatwa. Alhamdulillahi, mguu ulibaki.

Huko wodini nilimwona sista mmoja akifanya kazi. Kwanza alivuta kiti, akaketi. Akamwambia, "Guka, ikikuuma sema, nitangoja." Shashi ilikuwa imegandamana na nyama. Hakuivuta. Aliilowesha kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, akangoja, huku akimwuliza habari za kahawa yake shambani. Shashi ikatoka polepole bila damu. Babu alilia, na hayakuwa maumivu. Kwa wiki nyingi hakuna mtu aliyekuwa ameketi karibu naye bila kuziba pua.

Sasa niambie, yale maji ni huruma au ni ujuzi? Shashi kavu ikivutwa kwa nguvu hung'oa nyama changa iliyoanza kuota, na kidonda huanza upya. Mwenye huruma asiyejua atavuta haraka ili maumivu yaishe. Anayejua asiye na huruma anajua maji yapo, lakini hana subira ya kungoja. Mgonjwa huumia kwa wote wawili.

Ndugu zangu, haya tulifundishwa zamani. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni. Ali (R.A.) alimimina maji na Fatima (R.A.) akaosha damu. Alipoona maji yanazidisha damu, alichoma kipande cha mkeka, akaweka jivu lake, damu ikakatika. Leo hatutii jivu, tunakandamiza kwa kitambaa safi. Lakini tazama alivyofanya: aliangalia, akaona njia ya kwanza haifai, akabadilisha. Na katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa, alipelekwa kwa Rufaida, mwanamke aliyejulikana kwa kutibu majeruhi. Mtume alikuwa akimpitia asubuhi na jioni kumjulia hali.

Hata hapa kwetu mlimani jambo hili lina historia. Wazee wa Kikristo wa Nyeri wanamkumbuka Irene Stefani, mtawa wa Consolata kutoka Italia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi wa Kiafrika huko Voi, Kilwa na Lindi. Baadaye alihudumu Gikondi, akafariki mwaka wa 1930 kwa maradhi aliyoambukizwa na mgonjwa aliyemhudumia. Watu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Dini yetu ni nyingine, lakini mwenye kutenda wema tunamtambua.

Basi wewe ufanye nini Ramadhani hii?

Kama nyumbani kuna mwenye kisukari, mwangalie miguu kila siku, nyayo na katikati ya vidole. Asiote moto kwa miguu wala asitembee peku. Kidonda chochote, hata kidogo, kipelekwe hospitali mapema. Kuhusu kufunga, amwone daktari kwanza. Allah amemruhusu mgonjwa kula.

Kama kuna mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda vya kulala. Mtoto akiungua na uji wa futari, mwagia maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Na asali? Ndiyo, ina shifa, na mahospitali mengine hutumia asali iliyosafishwa maalumu kwa vidonda. Ile ya jikoni iache kwa chai. Kabla ya kugusa kidonda na baada ya kukigusa, nawa mikono kwa sabuni.

Na ninyi vijana mnaomaliza shule, wa kiume na wa kike, msiuone uuguzi kuwa kazi ya waliokosa nyingine. Tunahitaji mikono iliyosoma.

Mwisho, ukipeleka sahani ya futari kwa mgonjwa, usiishie mlangoni. Ingia, vuta kiti, keti. Ukisikia harufu, usizibe pua. Muulize, "Guka, mguu ukoje leo?" Swali hilo lingemwokolea babu yangu kidole.

Allah awaponye wagonjwa wetu, atukubalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.