Jeraha Lisilo na Shahidi



Jeraha la risasi huonwa na kila mwenye macho. Jeraha la moyo halina shahidi ila kauli ya mwenye nalo. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii hutiliwa shaka tangu zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, jeshi la Uingereza liliwaua kwa risasi askari wake 306 kwa utoro, woga na makosa mengine, na miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuvunjika akili kwa vishindo vya mizinga. Msamaha wao ulitolewa mwaka 2006, wote wakiwa makaburini.

Huko Marekani, mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha, matabibu wa akili waliyaandika rasmi maradhi haya: jinamizi, kushtuka ovyo, na kukimbia kila kinachokumbusha msiba. Serikali huwalipa fidia askari walioumia hivyo. Na penye fedha, shaka haikosi. Ni kweli walionekana watu waliodai vita wasivyopigana, na wengine waliozidisha dalili zao.

Basi ukweli ulikuwa upi? Uchunguzi mkubwa wa miaka ya 1980 ulisema kwamba karibu wanaume 31 katika kila mia waliopigana Vietnam walipata kuugua. Wengi wakanena kuwa hesabu hiyo imetiwa chumvi. Mwaka 2006 Bruce Dohrenwend na wenzake walilinganisha kauli za askari na daftari za jeshi, wakapima kwa masharti makali zaidi. Hesabu ilishuka hadi karibu 19. Walakini uongo waliougundua ulikuwa haba, na kadiri vita vilivyomkabili mtu kwa ukali, ndivyo maradhi yalivyozidi.

Hapa pana funzo. Si kila azidishaye ni mwongo. Aghalabu asiyesadikiwa hupaza sauti ili asikiwe. Hata hivyo kuzidisha kwamdhuru mwenyewe, maana dawa ya maradhi haya ni maneno: mgonjwa hukaa na tabibu juma baada ya juma, akasimulia tukio lile lile mpaka kumbukumbu ipungue makali yake. Masimulizi yaliyopambwa humpoteza tabibu njia. Tena mgonjwa anayehofu kwamba akipona posho itapunguzwa, huiogopa afya yenyewe.

Kwa hiyo yafaa mpimaji wa fidia awe mwingine, na mganga awe mwingine. Wa kwanza na achungue daftari kwa uadilifu. Wa pili na asikilize bila kuhukumu. Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Na ayazidishaye asiachwe mlangoni, kwani ndani ya makelele yake huenda mna maumivu ya kweli.