Kujijengea Mfumo wa Kompyuta

Leo tuzungumze juu ya FreeBSD, mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanza 1993 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Ni wa bure, tena maandishi yake yako wazi. Mwenye FreeBSD tayari aweza kuyachukua, kuyabadilisha na kujijengea mfumo mpya.

Kujenga ni nini? Maandishi ni mahindi, na kompyuta yataka unga. Programu inayoitwa kompaila ndiyo posho mill yetu. Kwa mashine kuukuu kusaga huku kwaweza kumaliza siku nzima. Stima ikipotea katikati mnaanza tena, basi, kwa maana unga huwekwa kando na mfumo wa zamani haujaguswa.

Hatari iko katika kuweka. Kwanza nakilini hesabu za michango na mikopo kwenye diski nyingine, mkaichomoe kabisa. Halafu wekeni kiini peke yake, ile sehemu inayoongea na mashine. Cha zamani hakitupwi, hubaki kwa jina kernel.old. Zimeni, washeni. Kikikataa, chagueni kile cha zamani. Kikikubali, ndipo muweke sehemu zilizobaki. Wanaoweka vyote mara moja, shauri yao!

Kikundi chenye kompyuta moja kichukue FreeBSD iliyosagwa tayari, nayo ni bure vilevile. Lakini kama kuna kijana mwenye hamu, na mashine isiyo na hesabu za mtu, mpeni hiyo asage.